Vigingi Kumi Kichwani Mwangu

Mume wangu hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Picha ukutani, benchi la mgahawa, ndoo zilizopangwa kisimani, vyote ataviweka sawa bila kuombwa na mtu. Nilipoolewa nilidhani ni kaugonjwa katakakoisha akishazoea kukaa na mke. Hakakuisha, na mwaka ule wa rashi, mbio za kukimbilia dhahabu, upande wa Kemambo, Tarime, kakageuka kuwa kazi.

Rashi ikishatangazwa, nani atabaki nyumbani? Watu walifika kutoka Geita na Kahama, wengine wakavuka kutoka Kenya kupitia Sirari, sururu begani na godoro kichwani. Wenye leseni wakawa wanawagawia wachimbaji vipande vya kuchimba, na ugomvi ulianzia hapohapo. Kipande cha mchimbaji ni vigingi vinne tu vya mti vilivyogongwa ardhini, na kigingi ni rahisi sana kuhama. Unaondoka jioni mkanda wa dhahabu uko kwako, unarudi asubuhi uko kwa jirani. Ilibidi apatikane mtu wa kupima ambaye kila mmoja angemwamini, na mume wangu akapatikana. Alikuwa na kamba yake yenye mafundo, nyundo, na kalamu ya wino mzito wa bluu ya kuandikia namba kwenye kila kigingi. Siku moja maofisa wa madini walikuja kukagua na vipimo vyao vya setilaiti wakakuta amekosea upana wa kiganja tu. Kuanzia siku hiyo hakukuwa na wa kumwambia kitu.

Mara moja tu mchimbaji mmoja alimshitaki kwenye kamati ya wachimbaji kwamba amesogeza kigingi. Sijawahi kumwona mume wangu amekasirika vile. Alisimama mbele ya watu akasema tangu azaliwe hajasogeza kigingi cha mtu, na aliyesema hivyo aje aseme tena akimtazama machoni. Yule mtu hakuja.

Mimi nilikuwa na mgahawa wa maturubai karibu na karasha, pale wanaposagia mawe. Nilipika ugali wa mtama na muhogo, dagaa, maharage, na siku nyama ikipatikana, kichuri, ile supu ya majimaji ya matumbo, chenye uchungu wake kamili. Lakini wateja hawakuja kwa ajili ya chakula peke yake. Walikuja kutukanwa. Mchimbaji aliyepata mawe nilimwambia anajidai, aliyekosa nilimwambia anachimba kaburi la mavi ya ng'ombe, na wote walicheka na kuongeza sahani. Mdomo wangu ndio ulikuwa mtaji, na sikuona haya kuutumia.

Ndipo maneno yakaanza kunikimbia. Nilitaka kuomba chumvi, nikasema kijiko. Nilitaka kumfukuza mbwa, nikamwita shangazi. Watu walidhani ni vituko vyangu, wakacheka hadi machozi, nami nikacheka nao ili nisionekane mjinga. Kisha mkono wa kulia ukaanza kuachia sahani. Siku niliyoanguka mbele ya jiko nikitetemeka mwili mzima, hakuna aliyecheka. Mume wangu aliniweka kwenye bodaboda, akanishikilia kwa nyuma, tukaenda hospitali, na huko wakatuandikia kwenda nyingine kubwa zaidi, na hiyo ikatuandikia Dar es Salaam. Kumbe kichwani mwangu, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe.

Watoto tuliwaacha kwa wifi yangu, kule kijijini Mbalibali. Mama yangu, ambaye alikuwa akiishi kwa kaka yake ng'ambo ya mpaka, Kenya, aliposikia hakuuliza nauli wala njia. Alitokea stendi asubuhi na kikapu chake, akasema anakwenda na mwanawe. Hapo mume wangu akaniangalia kwa huruma ya kujihurumia mwenyewe.

Lazima nieleze. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawaangaliani usoni, hawapeani kitu moja kwa moja. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo ina kazi kubwa mkiwa safarini. Kwenye basi mama alikaa viti vya mbele na mume wangu akakaa nyuma kabisa, mimi katikati. Basi likisimama ili watu wale, mama ananiuliza, "Huyo mwanaume amekula?" Nageuka nyuma nauliza. Mume wangu anajibu, "Mwambie mama nimekula, ashukuriwe." Nageuka mbele nasema. Mgonjwa nilikuwa mimi, na bado nikawa ndiye tarishi wao hadi Dar es Salaam.

Hospitalini ikawa vilevile. Mama akiwa ndani ya wodi, mume wangu yuko koridoni. Mama akitoka, yeye anaingia. Wauguzi walishangaa, mmoja akaniuliza kama wamegombana. Nikamwambia hapana, wanapendana sana, ndiyo maana.

Siku moja kabla ya upasuaji muuguzi alikuja na kiboksi. Akaninyoa vipande vidogovidogo vya nywele, kimoja hapa, kingine pale, akabandika juu yake vibandiko kumi vya mviringo vyenye tundu katikati, kama vifungo vya koti. Kila kimoja akakizungushia duara kwa wino wa bluu.

"Ukipigwa picha ya kichwa, hivi vitaonekana," aliniambia. "Kesho kompyuta itakutambua kwa hivi. Kisitoke hata kimoja, kisisogee hata kidogo. Kikianza kubanduka usikiguse, niite mimi."

Mama alikuwa pale akasikiliza na kutikisa kichwa. "Hii kichwa ya mtoto wangu imekuwa na vifungo kama kanzu ya padri," alisema, lakini alisikia vizuri na akaelewa. Mume wangu hakusikia. Angesikiaje? Mama mkwe alikuwa ndani.

Nilipelekwa kwenye mashine ya picha, ile inayogonga kama karasha, nikarudishwa. Dawa za kuzuia kuanguka zilinilevya, nikalala. Saa ya kuwaona wagonjwa jioni mama alikuwa ameshaondoka kwenda kwa mpwa wake, na mume wangu akapata nafasi ya kuingia. Nilikuwa nimelala fofofo. Aliyoyafanya nilikuja kuyajua siku iliyofuata, kwa hiyo nayaeleza kama alivyoyaeleza mwenyewe.

Alikaa kwenye kiti akaniangalia kichwa. Akahesabu vibandiko. Akaona upande wa kushoto viko sita na wa kulia vinne, wala havikwenda kwa mstari. Alivumilia. Akaona kile cha juu ya sikio la kushoto kimeinuka ukingo kwa jasho. Hapo hakuvumilia tena. Kama kinabanduka, aliwaza, basi kibandikwe pale ambapo kingetakiwa kuwa. Akapima kwa vidole kutoka sikio la kulia, akapima kutoka la kushoto, akakibandua, akakisogeza, akakikandamiza vizuri. Duara la zamani akalifuta kwa leso aliyoiloweka mate. Kisha akatoa kalamu yake mfukoni, ile ya wino wa bluu, akachora duara jipya. Aliniambia lilikuwa zuri kuliko la muuguzi, na ninamwamini.

Asubuhi daktari alikuja kabla sijapelekwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye raba miguuni na sauti ya chini, mtu ambaye ungemwachia funguo za nyumba. Akamwamkia mama, "Shikamoo mama." Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na kuanzia hapo akamhesabu ni wa kwetu. Daktari akasema anataka ndugu wote waingie, kwa sababu anataka kila mtu aelewe atakachofanya kabla hajakifanya.

Nikamwambia mume wangu yuko nje na hawezi kuingia. Akauliza kwa nini. Mama akaangalia dirishani. Tukapata ufumbuzi: kitanda changu kilikuwa na pazia, mume wangu akaingia akasimama nyuma yake. Mimi niliviona viatu vyake chini ya pazia, na vumbi la Kemambo bado liko kwenye kamba.

Daktari akaweka kompyuta kwenye meza ya chakula. Nikakiona kichwa changu humo, cheupe, hakina nywele, na vile vibandiko vimesimama juu yake. Akakizungusha kwa kidole. Akakifungua kama anayefungua kabati, na ndani uvimbe ukaonekana, wa mviringo, mkubwa kama yai la kanga. Pembeni yake palikuwa na sehemu iliyopakwa rangi ya kijani.

"Hapa kwenye kijani ndipo maneno yako yanapotoka," alisema. "Uvimbe umekaa jirani kabisa. Nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili haifiki upana wa kidole chako. Nataka kuutoa uvimbe wote nisiguse kijani."

"Na ukigusa?" nikauliza.

"Unaweza kuamka bila maneno. Yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi. Sitaki kukudanganya."

Niliogopa. Nilikuwa nimeogopa tangu Tarime, lakini hofu ile ilikuwa ya kufa, na ya kufa nilikuwa nimeizoea kidogo. Hii ilikuwa ya kuishi nikiwa kimya. Nilijiona nimekaa mbele ya jiko langu, wateja wananisemesha, na mimi natabasamu tu kama picha ya kalenda. Nikashika mkono wa mama.

Daktari akachukua kijiti chenye vigololi vinavyong'aa mwishoni. Akaeleza kwamba nikishalala kichwa changu kitafungwa kwenye chuma kisitikisike, na kamera itaning'inia juu ikikiangalia kile kijiti. Atagusa kibandiko cha kwanza kwa ncha yake, kisha cha pili, mpaka vyote kumi. Akimaliza, kompyuta itakuwa imekiunganisha kichwa cha kitandani na kichwa cha kwenye picha. Tangu hapo popote atakapogusa ndani ataona kwenye picha yuko wapi, na kijani kiko umbali gani.

"Kumbe ni vigingi," sauti ikasema nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefurahi. "Daktari, hivyo ni vigingi!"

"Ni vigingi kabisa," daktari akajibu pazia.

Kisha pazia likauliza, na sasa sauti haikuwa na furaha, "Na kimoja kikisogea?"

"Ramani nayo inasogea. Kidogo tu, lakini mimi nafanya kazi kwenye kidogo. Nitadhani niko kwenye uvimbe, kumbe niko kwenye maneno yake."

Nikaona kiatu kimoja kinapanda juu ya kingine. Kikashuka. Kikapanda tena. Mimi namjua mume wangu kwa miguu yake. Nikataka kumwita, nikasema neno lingine kabisa ambalo halina maana katika lugha yoyote.

"Daktari," alisema, "nimesogeza kimoja."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akapunguza redio yake.

"Jana jioni. Kile cha juu ya sikio la kushoto. Kilikuwa kinabanduka, nikakibandika upya, lakini sikukirudisha mahali pake. Nilikipeleka kwenye mstari. Duara nimelichora mimi." Akaongeza, "Mtu asingejua."

Kweli mtu asingejua. Muuguzi alikuwa amenikagua alfajiri akaona vibandiko kumi ndani ya maduara kumi, akaandika safi. Angenyamaza ningepelekwa chumba cha upasuaji na kigingi cha uongo, na likitokea la kutokea angeweza kulaumu uvimbe, kompyuta, au Mungu. Na alikuwa anakiri nini? Jambo lilelile ambalo aliapa mbele ya kamati nzima kwamba hajawahi kulifanya, tena analikiri mbele ya mtu ambaye katika dunia hii yote alitaka asimwone akiwa mdogo.

Mtu huyo alisimama. Miaka kumi na saba ya ndoa yangu mama hakuwahi kumwambia mume wangu neno hata moja bila kunipitia mimi. Alilishika pazia akalivuta lote kwa mkupuo mmoja, vyuma vikalia.

"Wewe mwanaume," alisema, akimtazama usoni, "kuja hapa mbele. Onyesha daktari ni gani, na ilikuwa wapi."

Mume wangu akaja mbele kama mtoto wa darasa la kwanza. Akainama, akaweka ncha ya kidole juu ya sikio langu. "Hiki, mama. Kilikuwa hapa nyuma. Nimekileta mbele upana wa kidole kimoja." Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Daktari hakupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi. Alikiangalia kibandiko, akakiangalia kichwa kwenye kompyuta, akamwangalia mume wangu kwa muda. Kisha akamuuliza kwa nini. Mume wangu akasema vilikuwa vimekaa ovyo, kushoto sita na kulia vinne, akadhani aliyevibandika alikuwa na haraka.

"Tunavitawanya makusudi," daktari alisema. "Vikilingana pande zote mbili, kompyuta inaweza kushindwa kujua upi ni kushoto na upi ni kulia. Kupinda kwake ndiko kunakoisaidia."

Mume wangu alipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa kwamba wali hupikwa bila maji. Alirudia polepole, "Makusudi." Daktari hapo ndipo alipocheka, na mama akacheka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, na mimi nikacheka huku nimekasirika kiasi cha kutaka kumrushia bakuli la uji.

Daktari akaeleza kwamba pengine kompyuta ingeonya kuwa vipimo havikubaliani, lakini asingependa kuonywa kichwa kikiwa kimeshafungwa kwenye chuma. Wala hakutaka kutegemea kumbukumbu ya kidole cha mume wangu. Vibandiko vikatolewa vyote, vikabandikwa vipya, nikarudishwa kwenye foleni ya mashine ya picha. Upasuaji ukasogezwa siku mbili mbele.

Siku hizo mbili sitazisahau kwa raha yake. Mume wangu na mama walinilinda kama shamba la mahindi yaliyoiva. Yeye alikaa upande wa kushoto wa kichwa na mama wa kulia, na pazia halikurudishwa tena. Inzi hakuthubutu kutua. Nikijikuna shingo wananikemea kwa pamoja. Mwanzo waliongea kuhusu vibandiko tu. "Hako ka hapa nyuma iko sawa?" mama anauliza. "Kako sawa, mama." Baadaye wakahamia kwenye mvua, kisha kwenye bei ya ndama ng'ambo ya mpaka, na mimi nikakosa kazi ya utarishi niliyoifanya tangu niolewe.

Mchana wa pili mama alipotoka kununua chungwa, nilimuuliza mume wangu kwa nini alisema. Iliniwia vigumu, maneno yalitoka nusunusu, ikabidi nionyeshe pazia kwa mkono. Alielewa.

"Nilisimama pale nyuma nikaisikia nyumba yetu ikiwa kimya," alisema. "Nikaona bora unitukane."

Nilitaka kumtukana hapohapo ili afurahi, lakini tusi lilikataa kuja. Nikaweka mkono wangu mbovu juu ya wake.

Siku ya upasuaji sina cha kueleza, nililala mapema nikaamka nimechelewa. Niliamka na kiu, kichwa kimefungwa bandeji kubwa, mwanga mwingi. Watu watatu walikuwa wamenizunguka: daktari, mama, na mume wangu aliyekuwa amesimama bega kwa bega na mama bila hata kujua.

"Tumeutoa wote," daktari alisema. "Kijani sikukigusa. Sasa nataka nikusikie." Akanyanyua mkono wake. "Hii ni nini?"

"Saa."

Akanyanyua kitu kingine. Nilikijua. Nilijua kinafungua mlango, nilijua changu kimefungwa kwa uzi mwekundu. Neno halikuja. Nilisikia mama akivuta pumzi na kuishikilia. Daktari hakunisaidia, alisubiri tu.

"Ufunguo," nikasema.

"Vizuri. Na huyu ni nani?" Akamwonyesha mume wangu.

"Baba watoto."

"Jina lake."

Huyu daktari hakuwa wa kwetu, hakujua alichoomba. Mke wa kwetu hataji jina la mumewe. Kwa miaka yote hiyo mimi nilimwita Baba Watoto, au wewe, au nikikohoa alijua ni yeye. Jina lake lilikuwa la mama yake mzazi na wazee wa ukoo kulitaja, na mimi kulitaja mbele ya mama yangu ndiyo mwiko kabisa. Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, anasubiri kujua kama bado nimo.

Nikalitaja. Nililitaja lote, lile alilopewa na bibi yake na lile la ubatizo na la baba yake, moja baada ya jingine, bila kukwama popote.

Mume wangu akalia. Alilia waziwazi, machozi yakamwagika juu ya shati, wala hakuyafuta. Nikageuka kwa mama nikijiandaa kukaripiwa. Mama aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena.